Mbwa tunaowapenda Lubumbashi, na yule tuliyemwita mshenzi

Mbwa wa kwanza niliyemnunua kwa fedha zangu aliishi nyumbani kwangu siku sita. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ambapo baridi ya kiangazi hapa Lubumbashi huwalazimisha watu kuvaa makoti asubuhi, na kijana mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara na katoni yenye watoto watatu wa mbwa waliolaliana ili wapate joto. Aliniambia, "Papa, hii ni berje ya kweli, iko na chanjo yote." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Masikio ya yule mdogo yalikuwa bado yameanguka, miguu yake ilikuwa mikubwa kuliko umri wake, na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, alikwisha kumpa jina la Simba kabla sijamaliza kupatana bei.

Siku ya nne Simba alikataa uji. Jioni alianza kutapika povu la manjano, na usiku ukaja mharo wa damu wenye harufu nzito ambayo mtu akiinusa mara moja hataisahau. Nilikesha naye jikoni, nikimpa maji yenye sukari na chumvi kwa kijiko cha chai, naye akiyameza taratibu na kuyarudisha baada ya dakika chache. Alfajiri ya siku ya sita nilimkuta amepoa juu ya gunia. Daktari wa wanyama niliyemweleza dalili hizo aliniambia kwamba ni parvo, ugonjwa wa virusi ambao ulianza kuua mbwa duniani kote mwaka 1978, na kwamba mtoto yule alikuja nao kutoka kule alikotoka, kwa maana virusi hivyo hujificha mwilini siku kadhaa kabla ya kujionyesha. Aliniagiza nioshe sakafu kwa maji ya javeli, yaani dawa ya klorini ya kuua vijidudu, na nisilete mtoto mwingine wa mbwa asiyechanjwa kabla ya mwaka kupita, kwa sababu virusi vya parvo huweza kudumu katika udongo wa lupango, yaani uwanja wa nyumba, kwa miezi mingi vikimsubiri mwingine.

Katika mwaka ule wa kusubiri, kwa kuwa sikuweza kuwa na mbwa, nilianza kutembelea mbwa wa wenzangu. Hapa mtaa wa Bel-Air ninapokaa, kule komini ya Kenya, hapa hapa mjini, waliko ndugu za mke wangu, hata mtaa wa Golf ambako nina rafiki wa tangu shuleni, kila nilipomwona mbwa nilimuuliza mwenyewe swali lile lile: kwa nini ulimchagua huyu, na kwa nini bado unampenda? Nilidhani nitaambiwa habari za rangi, ukubwa na sura. Wenye mbwa hawakujibu hivyo. Walinieleza jambo ambalo mbwa wao hufanya: namna anavyozunguka ukuta, namna anavyowakusanya watoto, namna anavyotega sikio kabla wanadamu hawajasikia gari. Kisha niliporudi nyumbani na kusoma asili ya kila mbari, au kila rasi kama tunavyosema mjini hapa, niliona kwamba jambo lile ambalo mwenye mbwa hulisifu ndilo, karibu kila mara, kazi ambayo mababu wa mbwa huyo walichaguliwa kuifanya, katika nchi nyingine na karne nyingine. Wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mimi nimeanza kuamini kwamba msasi anaweza kufa, na mjukuu wa mjukuu wake akasahau hata njia ya porini, lakini mbwa bado anasubiri kazi ile.

Nianze na anayependwa kuliko wote mjini hapa, mchungaji wa Kijerumani, ambaye hakuna anayemwita kwa jina hilo refu. Sote tunamwita berje. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya mgodini, anaye mmoja mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, jina lake Komanda. Kila jioni, jua linapokaribia kuzama, Komanda huanza mwendo wake kutoka langoni, hupita nyuma ya jiko la makala, yaani la mkaa, hufuata ukuta hadi mwembeni, hurudi langoni, kisha huanza upya, na mguu wake umekwisha kuchimba kijia chembamba ambacho hata mvua za mwezi wa kwanza hazikifuti. Jumapili wajukuu wanapokuja, nao ni kumi na mmoja, halali mpaka wote wawe upande mmoja wa mwembe. Anayetoroka kuelekea barabarani husukumwa kwa bega, polepole, bila jino kumgusa. Mzee huketi kwenye kiti chake na kuniambia kwa fahari, "Unaona? Inahesabu."

Kijia kile kina historia. Katika sehemu nyingi za Ujerumani mashamba hayakuwa na uzio, na kondoo walilisha kwenye vipande vya majani vilivyobanwa kati ya shamba la mtu huyu na la yule. Mbwa wa mchungaji alikuwa ndiye uzio, akitembea mpakani kutwa nzima, huku na huko, ili kondoo wasiguse mazao. Mwaka 1899, katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, afisa wa jeshi la wapanda farasi aitwaye Max von Stephanitz alimwona mbwa wa namna hiyo, Hektor Linksrhein, akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akamwandika wa kwanza katika daftari la chama alichokianzisha mwaka huo huo. Nilipomsomea mzee habari hizo alinyamaza kitambo, akamtazama Komanda aliyekuwa akipita nyuma ya jiko, kisha akasema kwamba basi ukuta wake ndio shamba, na wajukuu ndio kondoo. Sina la kuongeza juu ya maneno hayo, isipokuwa onyo moja kwa wanaotaka kununua: mbari hii imeharibiwa na watu wanaopenda mgongo ulioinama sana kuelekea mkiani, na wengi wao huugua nyonga, kiungo kikikaa vibaya ndani ya tundu lake hadi mbwa anashindwa kusimama akiwa bado kijana. Mwombe muuzaji akuonyeshe mama akitembea. Asipoweza kukuonyesha mama, rudi nyumbani. Mimi sikuuliza, na nimekwisha kueleza nilivyolipia.

Walinzi wa makampuni ya madini niliowahi kuzungumza nao hawamtaki berje siku hizi, wanamtaka malinua. Huyu ni Mbelgiji. Mwaka 1891 Adolphe Reul, profesa wa chuo cha tiba ya wanyama cha Cureghem, Brussels, aliwakusanya mbwa wachungaji wa nchi yake na kuwapanga kwa nywele zao, na hatimaye aina nne zikapata majina ya mahali zilikofugwa: Malinois wa Malines mwenye nywele fupi, Groenendael mweusi, Laekenois mwenye nywele ngumu zilizosokotana, na Tervuren mwenye manyoya marefu ya rangi ya hudhurungi. Mkongomani akilisikia jina Tervuren hukumbuka kwanza jumba la makumbusho lililojaa vinyago vya mababu zetu. Mimi sasa hukumbuka pia mbwa.

Mlinzi mmoja aliniruhusu kusimama karibu na malinua wake kabla ya zamu ya usiku. Mbwa yule hakunitazama mimi hata mara moja. Alikuwa akiutazama mfuko wa suruali ya bwana wake, bila kupepesa, mwili mzima ukitetemeka kidogo kama mashine iliyowashwa, kwa sababu ndani ya mfuko ule mlikuwa na mpira wa tenisi. "Papa," mlinzi alinieleza, "hii imbwa haitumike juu ya nyama, inatumika juu ya mupira." Ndivyo anavyompenda: kwa kuwa hajawahi kumwona akichoka wala kukataa kazi. Lakini nasema wazi kwamba malinua si mbwa wa kuwekwa nyumbani bila shughuli. Nimemwona mmoja amefungwa kwa mnyororo chini ya mpera, katika nyumba nzuri yenye marumaru, na alikuwa amezunguka mti ule hadi ardhi imekuwa duara gumu kama sakafu ya saruji. Mwenyewe alidhani kwamba ni mbwa mwenye wazimu. Hakuwa na wazimu. Alikuwa hana kazi.

Ubelgiji ndiko pia inakohusishwa asili ya mbwa wa Saint-Hubert, ambaye Waingereza humwita bloodhound, mwenye masikio marefu yanayoburura na ngozi ya uso iliyokunjamana, aliyefugwa kwa karne nyingi na watawa wa abasia ya Saint-Hubert katika misitu ya Ardennes ili afuate harufu ya mnyama aliyejeruhiwa. Huyu sijamwona hapa Katanga, lakini tangu mwaka 2011 wako Rumangabo, katika Mbuga ya Virunga, ambako walinzi wa mbuga huwatumia kufuata nyayo za majangili na kuwatafuta watu waliopotea. Ninawaheshimu walinzi wale na mbwa wao kwa kiasi kisichopimika.

Upande wetu wa kusini, njia ya kuingilia mbwa ni Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu, ambaye huvuka mpaka kila wiki, ana mbwa wa rangi nyekundu ya ngano mwenye mstari wa nywele zilizoota kinyumenyume mgongoni, kutoka mabegani hadi karibu na kiuno, kana kwamba mtu amezichana kwa kitana kuelekea kichwani. Anaitwa ridgeback wa Rhodesia, na wazee wake wa upande mmoja ni mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, ambao walikuwa na mstari huo kabla ya wazungu kufika na mbwa wao wakubwa na kuchanganya damu. Wawindaji waliwatumia kumzuia simba: mbwa hawa hawakumuua, walimzunguka na kumchanganya akili, wakirukaruka nje ya makucha yake, mpaka mwenye bunduki afike. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, na Francis Barnes akaandika sifa zinazotakiwa, akitumia mfano wa zile zilizokwisha kuandikwa kwa mbwa wa Dalmatia. Mfanyabiashara yule humpenda kwa ukimya wake. Anasema mbwa wengine wa mtaani hubwekea kila pikipiki, lakini wake akibweka usiku, yeye huamka na kuvaa viatu. Hivyo ndivyo inavyomfaa mbwa aliyezaliwa kwa ajili ya simba, kwa maana anayepiga kelele ovyo mbele ya simba hapati watoto wengi. Anayetaka kumnunua apitishe vidole mgongoni kwa mtoto wa mbwa, polepole, kandokando ya mstari: vinasaba vinavyoleta mstari huo ndivyo vinavyoweza kuleta kitundu kwenye ngozi, chembamba kama uzi, kinachoelekea kwenye uti wa mgongo na kuoza ndani kisipopasuliwa mapema.

Boerboel wa Afrika Kusini naye ameingia kwa njia hiyo hiyo. Ni mbwa hodari na mwaminifu, lakini ana uzito wa mtu mzima, na hula kama mtu mzima. Katika mji ambao bei ya mfuko wa unga hupanda kila mvua inapochelewa, sioni busara ya familia ya kawaida kumchukua. Rottweiler, ambaye asili yake ni mbwa wa wauza nyama wa mji wa Rottweil, aliyeswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni, ninamwona anafaa zaidi, mradi mwenyewe awe mtu wa utulivu.

Huko Kenya nilimkuta mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga, ambaye alipewa labrador wa manjano na mwajiri wake wa zamani aliyekuwa akihama nchi. Mama humpenda Bijou kwa sababu humbebea kikapu. Nilishuhudia mwenyewe: mama aliweka nyanya ndani, Bijou akashika mpini kwa meno, akavuka barabara kando yake, akakiweka chini mbele ya meza, na hakuna nyanya iliyopasuka. Mdomo ule laini ni urithi wa mababu waliofanya kazi pamoja na wavuvi wa Newfoundland, katika bahari ya baridi ya Kanada, wakirudisha nyavu na samaki waliochomoka. Malalamiko ya mama yalikuwa mamoja tu, tena makubwa: Bijou aliiba. Aliiba ndagala, aliiba bukari, yaani ugali, likiwa bado na moshi, na alikuwa amepigwa kwa mwiko mara nyingi bila kuacha. Nilimweleza kwamba mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba takriban robo ya labrador wana upungufu katika kinasaba kiitwacho POMC, ambacho kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba tumbo limeshiba, na kwamba mbwa mwenye upungufu huo anaweza kubaki na njaa hata baada ya kula. Mama alinyamaza, akauweka mwiko mezani. "Kumbe," akasema, "iko na njaa ya kweli." Sijui kama Bijou ni miongoni mwa robo hiyo, lakini nilipopita tena mwezi uliofuata, chakula chake kilikuwa kimegawanywa mara tatu kwa siku badala ya moja, na bukari lilikuwa limehamishiwa kwenye rafu ya juu.

Wapo pia wenye kanishi, mbwa mdogo mwenye nywele za kusokotana, na wengi humwona kuwa pambo la wanawake. Hapana. Alikuwa mbwa wa maji, mwokotaji wa bata, na ule unyoaji unaowachekesha watu ulianza ili aogelee kwa wepesi huku viungo vyake vikibaki na joto. Ana akili kuliko wengi wa hao wakubwa niliowataja.

Sasa nifike kwa mbwa ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike. Kati ya mbari ambazo vyama vya mbwa vya Ulaya na Marekani vimeziandika katika madaftari yao, moja ni ya kwetu, ya misitu ya Kongo. Ni mbwa mwepesi wa kilo kumi au kumi na moja, mwenye masikio yaliyosimama, paji la uso lenye mikunjo kama ya mtu anayewaza jambo, na mkia uliojikunja juu ya nyonga kama kata ya kichwani. Habweki. Si bubu, kwa maana hulia, hunguruma, na akifurahi hutoa sauti ndefu inayopanda na kushuka mithili ya kigelegele kilichozuiwa kooni. Lakini ule mbweko wa mbwa wengine hana. Hujisafisha kwa ulimi kama paka. Jike wake hupata joto mara moja kwa mwaka, ilhali mbwa wengi hupata mara mbili. Wawindaji wa Ituri na Uele humfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie anapopita chini ya majani, akiwafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Takriban mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth aliwaona mbwa wa namna hii kwa Wazande na kuwaeleza watu wa kwao.

Wazungu walijaribu kumpeleka Ulaya tangu mwisho wa karne ya 19, na wale wa kwanza walikufa kwa distempa, maradhi ambayo miili yao haikuyajua. Mwaka 1937 Olivia Burn alifaulu kuwaonyesha Uingereza, na watu wakajazana kumtazama mbwa asiyebweka. Mwaka 1943 chama kikuu cha Marekani kikamkubali. Lakini wale wote waliokuwa ughaibuni walitokana na mababu wachache mno, na ugonjwa wa Fanconi, ambao hufanya figo zipoteze sukari na chumvi za mwili katika mkojo, ulienea miongoni mwao. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi katika misitu ya kaskazini-mashariki ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, kuomba damu mpya kwa wanavijiji, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kwa ajili ya mbwa wale. Maana yake ni kwamba mbwa waliofugwa kwa vyakula vya makopo na madaktari waliokolewa na mbwa waliofugwa kwa mifupa na mizizi, na wanawake na wanaume wa vijiji vile, ambao majina yao hayakuandikwa popote, ndio waliowatunza.

Mbwa huyo anaitwa basenji.

Msomaji wa hapa hahitaji kufasiriwa. Katika Lingala na katika Kiswahili chetu, musenji ni mtu wa porini, asiyestaarabika. Na babu yangu, mvuvi wa Kasenga kwenye mto Luapula, aliitwa hivyo hapa mjini na msimamizi wake wa kazi, mbele ya wanawe, akarudi Luapula na hakukanyaga tena Lubumbashi hadi alipokufa. Inasemekana kwamba mgeni aliuliza mbwa hawa wa msituni ni wa nani, akajibiwa kwamba ni wa basenji, akaliandika neno hilo kama jina. Leo mtu wa ng'ambo hulipa zaidi ya dola 1,000 kwa mtoto mmoja, hutundika picha yake ukutani, na hulitamka lile tusi kwa upendo. Sisi tukimwona mbwa mwembamba mwenye masikio yaliyosimama akipita sokoni, tunamrushia jiwe na kusema ni imbwa ya basenji tu. Jambo hili linaniuma, na sioni haya kusema kwamba linaniuma.

Ni lazima niwe mwangalifu: mbwa wa Kasenga si basenji wa kwenye daftari, kwani yule ni wa misitu ya kaskazini, naye ana alama zake. Hata hivyo ni mbwa wa kijiji kama yeye, mwenye nywele fupi na miguu myembamba, aliyechaguliwa na njaa, maradhi na kazi badala ya waamuzi wa maonyesho. Babu alikuwa naye mmoja aitwaye Tutaona, kwa maana wazee wetu walipenda kumpa mbwa jina ambalo lilikuwa ujumbe kwa jirani, na kila alipomwita jioni, jirani fulani alisikia. Nilipokuwa mtoto nilikwenda kwa babu wakati wa likizo. Tutaona aliketi kwenye tope la ufukweni tangu alasiri, mitumbwi mingi ikapita, wala hakuinua kichwa. Kisha, kabla mimi sijaona chochote mtoni, alisimama, mkia ukaanza kutikisika kwa kipimo, na baada ya muda mtumbwi wa babu ukatokea kwenye matete. Niliamini kwamba alijua mlio wa kasia moja kati ya makasia yote. Bado ninaamini hivyo.

Mwaka wa kusubiri ulipokwisha, sikurudi kwa muuza katoni wala sikwenda Kasumbalesa. Nilimwomba mjomba wa Kasenga, naye akanipeleka hadi kwa mama wa mbwa, nikamwona akitembea, akiwinda panya kwenye mihogo, akinyonyesha. Mtoto wake alikuja mjini juu ya lori la samaki wakavu, mapajani mwangu, akiwa na wiki tisa. Ni jike, mwekundu kama shaba iliyong'arishwa, na ndilo jina lake: Shaba. Nilimpeleka kwa daktari kesho yake. Tuna bahati katika mji huu kwamba Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, na vijana wanaotoka humo wanaijua kazi yao. Alichanjwa parvo na distempa, akarudia kila baada ya wiki tatu au nne hadi alipofikisha miezi minne, na akachanjwa kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikianza kwa mtu au kwa mnyama karibu hakuna anayepona. Watu husema mbwa wa kijiji hahitaji sindano kwa kuwa ni mgumu. Ni kweli kwamba ni mgumu. Lakini wagumu tunaowaona ni wale waliobaki, na waliokufa hatukuwahesabu. Mbwa akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano kamili, kisha mtu huyo aende kutafuta chanjo siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Shaba sasa ana miaka mitatu. Habweki mara nyingi. Mgeni akigonga lango, yeye huja na kusimama kati ya mgeni na binti yangu, kichwa kikiwa chini kidogo, anasikiliza sauti zetu, kisha anaamua. Usiku mmoja wa mvua aligoma kumpisha mke wangu kwenye mlango wa jiko, akamzuia kwa mwili wake mara tatu, hata mke wangu akakasirika; tulipowasha tochi tulimwona swila amejikunja kwenye gunia la makala.

Anabeba mimba kwa mara ya kwanza, na siku zake, ambazo kwa mbwa ni takriban 63, zinakaribia kutimia. Juzi mzee wa Komanda alikuja jioni, akaketi, akazungumza kwanza habari za mvua na za umeme, kama desturi inavyotaka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama watoto wote wamekwisha kupata wenyewe. Nilimjibu kwamba mmoja ni wake, lakini hatatoka hapa kabla ya wiki nane, tena atatoka na chanjo ya kwanza mwilini na karatasi ya daktari mkononi. Alikubali. Tangu jana binti yangu anafua magunia kwa ajili ya pembe ya jiko, pale pale ambapo Simba alilala, na sakafu nimeiosha tena kwa javeli.